Utafiti wa pamoja kuhusu VVU na UKIMWI Zanzibar, hatua kwa hatua

Mwongozo huu nimewaandikia watu watatu: mwanafunzi wa SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, anayetaka kuungana na chuo cha nje, nesi wa kliniki ya tiba na matunzo aliyeombwa "asaidie kidogo kukusanya data", na mtafiti wa bara au ng'ambo anayeshuka boti Malindi na andiko lake la utafiti tayari mkobani. Nimeratibu tafiti za afya Unguja na Pemba kwa miaka, na karibu kila ugomvi wa watafiti niliowahi kuusuluhisha ulikuwa na asili moja: jambo lililotakiwa kuandikwa siku ya kwanza liliachwa mpaka siku ya mwisho. Wazee wametuachia neno, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye utafiti mali ni data, na aliyeitoa ni mgonjwa.

Hatua ya 1: Litafute swali kwa wanaoishi nalo

Mara nyingi ushirikiano huanza kwa barua pepe. Kuna fedha, mwisho wa kuomba ni wiki tatu zijazo, anatafutwa mwenzao wa Zanzibar, na swali limeshaandikwa. Ukikubali hivyo hivyo umeajiriwa tu, hujashirikishwa. Omba siku chache, kisha nenda ukakae kwenye benchi la kliniki asubuhi mbili tatu, uzungumze na manesi na waelimishaji rika. Watakwambia mambo ambayo hayamo kwenye majarida. Mtu wa Wete anapanda gari kwenda kuchukua dawa Chake Chake, ilhali Hospitali ya Wete iko karibu na kwao. Wa Makunduchi anavipita vituo vyote vya njiani mpaka Hospitali ya Mnazi Mmoja mjini. Anamkimbia nani? Pengine binamu yake ni karani wa masjala, au jirani yake ndiye mlinzi wa getini. Mwezi ambao nauli haikupatikana, dawa anazipata vipi? Na Ramadhani ikiingia, kile kidonge cha mara moja kwa siku anakihamishia futari au daku, na nani aliyemshauri? Hayo ndiyo maswali ya utafiti. Hilo la mtu wa Wete nitalirejea huko mbele.

Kisha lipime swali kwa hesabu kabla hujalipenda sana. Wagonjwa wa mwanzo wa UKIMWI Zanzibar walitambuliwa Mnazi Mmoja mwaka 1986, na maambukizi kwa watu wazima kwa jumla hayakupanda kama yalivyopanda sehemu nyingi za bara. Uchunguzi wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta kiasi cha asilimia 0.4. Maana yake, ukipita nyumba kwa nyumba ukapima watu 1,000, utapata wanne. Kwa watu wanne hakuna mtakwimu atakayekufanyia uchambuzi, na ndani ya shehia moja wanne hao watajulikana kabla hujafika nyumbani.

Sasa tazama upande wa pili. Tafiti zilizofanywa Unguja mwaka 2007 zilikuta maambukizi ya asilimia 16 kwa wanaojidunga dawa za kulevya, asilimia 10.8 kwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono, na asilimia 12.3 kwa wanaume wanaojamiiana na wanaume wenzao. Kwa hiyo swali lako likiwa la maambukizi mapya, utawakuta wahusika kwenye makundi hayo, na likiwa la matibabu utawakuta kliniki. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba waachie Serikali, yenye uwezo wa kuwafikia watu kwa maelfu.

Njia iliyotumika mwaka 2007 ni ya mshiriki kumleta mshiriki. Unaanza na watu wachache wanaoitwa mbegu. Kila mmoja anapewa kuponi chache zenye namba, kwa kawaida tatu, akawaalike anaowajua yeye mwenyewe. Kila anayekuja anaulizwa anajuana na watu wangapi walio kama yeye, kwa sababu mwenye marafiki wengi ana nafasi kubwa zaidi ya kualikwa kuliko mpweke, na mtakwimu lazima alisawazishe hilo. Njia hii inafaa hapa kwetu kwa sababu watu hawa wamejificha kwa wengine, lakini wenyewe kwa wenyewe wanajuana. Haifai kabisa kama mtakwimu ataitwa baada ya data kukusanywa.

Hatua ya 2: Wakusanye wenzako andiko likiwa bado rasimu

Unahitaji daktari, nesi, mtu wa maabara, mtakwimu na mtu wa sayansi ya jamii. Unawahitaji pia watu wanaoishi na VVU, na hao hawaji mwisho wa orodha. Nchi 42 zilikubaliana Paris mwaka 1994 kwamba wanaoishi na virusi washirikishwe katika kila jambo linalowahusu. Hapa Zanzibar jumuiya yao ni ZAPHA+. Kuwaalika waje wanywe soda siku ya uzinduzi si kuwashirikisha. Wape kazi: walisome dodoso, wachague mahali pa mahojiano, wakae kwenye kamati itakayoamua data zitumike vipi. Na kazi hiyo ilipwe kama unavyomlipa mshauri mwengine yeyote.

Tume ya UKIMWI Zanzibar, iliyoundwa mwaka 2002, ndiyo mratibu wa mapambano yote. Kliniki ziko chini ya kitengo shirikishi cha Wizara ya Afya kinachosimamia UKIMWI, homa ya ini, kifua kikuu na ukoma. Kwa Pemba, Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri iliyopo Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, inafanya kazi tangu mwaka 2000 na ina watu waliozoea tafiti kubwa. Nenda kwao na karatasi mbili za wazo lako. Ukienda na andiko la kurasa 60 lililokamilika watakusikiliza kwa adabu, na yatakayobadilika hayatafika mawili.

Hatua ya 3: Andikeni mkataba kabla ya fedha kuingia

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoumiza. Nilipokuwa bado kijana katika kazi hii, nilizunguka vijiji vya Kaskazini Unguja kwa miezi minane nikiwa na wadadisi watano. Dodoso tulilitafsiri sisi, na washiriki tuliwapata sisi. Kazi ilipokwisha, data ziliondoka kwenye kompyuta ya mgeni, na sisi hatukuachiwa nakala. Baada ya miaka miwili makala ikatoka. Tulitajwa kwenye aya ya shukrani, "timu ya Zanzibar", bila majina. Nilipoandika kuuliza, nikajibiwa kuwa hatukushiriki kuandika. Na kweli hatukushiriki, maana rasimu hatukuwahi kutumiwa.

Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, ina vigezo vinne vya mtu kuitwa mwandishi: awe amechangia kwa kiasi kikubwa kubuni utafiti, kukusanya data au kuzichambua, awe ameandika au kuisahihisha rasimu kwa kina, awe ameidhinisha nakala ya mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi nzima. Wengi wanaishia hapo. Lakini kamati hiyo hiyo inasema kwamba aliyetimiza kigezo cha kwanza lazima apewe nafasi ya kutimiza vilivyobaki. Maneno hayo yaandike kwenye mkataba wenu kama yalivyo, na uweke na idadi ya siku ambazo rasimu itakaa kwa kila mwandishi kabla ya kupelekwa jaridani.

Mengine ya kuandikwa: data zitahifadhiwa wapi na nakala kamili itabaki taasisi gani ya Zanzibar. Nani ataruhusu zitumike kwa swali jipya. Sampuli za damu zikisafirishwa, zitapimwa nini, zitakaa muda gani, na zitaharibiwa au kurudishwa lini. Mtafiti mkuu wa hapa ana mamlaka gani juu ya bajeti, kwa sababu mtafiti mkuu asiyeweza kuidhinisha hata mafuta ya gari ni mkuu wa jina tu. Mwanafunzi gani atatumia sehemu gani kwa shahada yake. Na mkigombana, nani atawasuluhisha, na nani atabaki akiwahudumia washiriki ambao tayari wameshaingia.

Watu wanaona haya kuyazungumza mambo haya mapema, wanahisi ni kama kumshuku mgeni. Mwenzako wa kweli hataudhika. Binafsi nimeona kinyume chake, kwamba wanaokubali kukaa siku mbili juu ya mkataba ndio wanaorudi kufanya kazi na sisi mara ya pili.

Hatua ya 4: Vibali

Afya si jambo la Muungano. Kibali cha maadili kutoka taasisi ya bara au chuo cha Ulaya hakikuruhusu kumhoji mtu Zanzibar. Hapa unakwenda kwa kamati ya maadili ya utafiti wa afya, ZAHREC, iliyo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, ZAHRI. Kibali cha Serikali cha kufanya utafiti ni karatasi nyengine, na barua ya hospitali au wilaya ni nyengine tena. Vipange kwa miezi, wala usinunue tiketi ya mgeni kabla ya kuvishika mkononi. Peleka fomu ya ridhaa ya Kiswahili pamoja na andiko, maana hiyo ndiyo mshiriki atakayosomewa. Ukibadilisha dodoso baadaye, hata swali moja, rudi kamatini.

Hatua ya 5: Ridhaa kwa Kiswahili ambacho mtu anakisema

Hapa ndipo ninapotaka utumie muda wako mwingi. Niliwahi kukaa ukumbini kwa bibi mmoja wa Micheweni, mdadisi anamsomea fomu, mimi nasikiliza. Alipofika kwenye "umechaguliwa kwa bahati nasibu", bibi akaiweka kalamu juu ya mkeka. "Mwanangu," akasema, "bahati nasibu ni kamari. Mimi sichezi kamari." Fomu ile ilikuwa imepita kwa wasomi sita. Tuliibadilisha siku ile ile kwa simu, na kamati ikaridhia maandishi mapya: "Majina yote yametiwa kapuni, yakatolewa bila ya kuchagua, na lako limetoka."

Neno jengine ni "chanya". Kwa mtafiti, majibu chanya ni kwamba virusi vimeonekana. Kwa mtu wa kawaida chanya ni kheri, na nimeona mtu akitoka chumbani akimshukuru Mungu, nesi akamkimbilia nje. Sema wazi: "Vipimo vinaonyesha una virusi vya UKIMWI," au "havikuonyesha virusi." Kwa upande wa pili, mtu anayemeza dawa vizuri akiambiwa "virusi havionekani" anaweza kudhani amepona na kuziacha. Mwambie virusi vimepungua mpaka kipimo hakivioni, na hali hiyo ikidumu hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana, lakini vimo, na dawa ndizo zinazovishikilia.

Tenganisha pia siri na faragha. Siri ni kwamba ulichoniambia sitakisema. Faragha ni kwamba wakati unaniambia hakuna mwengine anayesikia. Fomu nyingi zinaahidi siri, kisha mahojiano yanafanyika pasipo faragha.

Ukishamaliza kusoma, usiulize "umefahamu?" Kila mtu atasema ndiyo, kwa heshima. Muulize hivi: "Hebu nieleze, leo ukikataa, dawa zako za kliniki zitakuwaje?" Akijibu kuwa mtamnyima, au akanyamaza akatazama chini, ridhaa bado haijapatikana, hata kama kidole gumba kimeshatiwa wino. Anza upya.

Na hiyo sahihi yenyewe ifikirie. Kwa anayejidunga, au mwanamume anayejamiiana na wanaume, jambo ambalo sheria zetu zinaliadhibu, karatasi yenye jina lake ni hatari kuliko swali lolote utakalomuuliza. Iombe kamati ikuruhusu ridhaa ya mdomo mbele ya shahidi, mshiriki aandikwe kwa namba tu.

Hatua ya 6: Kuingia shehiani bila kuacha alama

Kwa sheha lazima upite, na umwambie kweli unafanya utafiti gani. Lakini ukimwambia unawatafuta wenye VVU, kisha gari yenye nembo ya mradi ikasimama mbele ya nyumba tatu, umezitaja nyumba hizo. Kwa swali letu la mtu wa Wete, washiriki waalikwe kliniki na nesi wanayemjua, mahojiano yafanyike huko huko au mahali atakapochagua mshiriki mwenyewe, na shehiani asifuatwe mtu. Simu ukiipiga, hakikisha kwanza aliyepokea ni yeye. Mkikubaliana neno la kutumia akipokea mtu mwengine, litumieni hilo hilo kila mara.

Baraza ya nyumba isikudanganye. Ina kivuli, ina upepo, na umekaribishwa kwa moyo safi, lakini kila anayepita njiani anasalimia na kusimama. Uwani nako kuna shangazi, wifi na watoto. Mwanamke akisema "twende shambani kwangu tukazungumzie huko", nenda.

Kalenda nayo ina neno lake. Mwezi wa Ramadhani fanya kazi asubuhi na usichukue damu mchana bila ya kumuuliza mtu kwanza, au uhamie usiku baada ya tarawehe kama mshiriki anaridhia. Ijumaa malizeni mapema. Karafuu zikikomaa Pemba, mashamba yanawachukua wakubwa kwa wadogo, na benchi la kliniki utalikuta tupu. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia za ndani huharibika. Na usipange mahojiano Pemba asubuhi ile ile unayotegemea kushuka boti.

Marejesho ya nauli na chai yawe sawa kwa wote na yatajwe kwenye fomu. Yakiwa madogo mno unamtia mtu hasarani, yakiwa makubwa mno unamnunua.

Hatua ya 7: Damu na data

Tafiti nyingi hapa hutumia matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi maalumu, kwa kuwa yanasafiri bila barafu. Adui yake ni unyevu wetu. Karatasi ilazwe kwenye kitako chake, matone yasiguse kitu, mbali na jua na vumbi, kwa muda usiopungua saa 4. Masika mimi naziacha usiku kucha. Tone likiwa limekauka ni hudhurungi pote. Ukiona wekundu unaong'aa katikati, bado. Kisha kila karatasi iingie kwenye mfuko wake wa kufunga, pamoja na punje za kunyonya unyevu na kile kikaratasi kinachobadilika rangi. Kikigeuka waridi, badilisha punje.

Kila atakayepimwa apate mshauri nasaha kabla na baada, na anayekutwa na virusi asiondoke na karatasi ya rufaa peke yake. Mtu amsindikize hadi kliniki aliyoichagua. Gharama hiyo itiwe kwenye bajeti.

Kwa data, vishikwambi vinafaa kuliko karatasi ikiwa vina nywila na vinapakia data kwenye seva kila jioni, kisha vinafutwa. Majina na namba za simu yakae faili mbali, chini ya kufuli ya mtu mmoja, na mpange tarehe ya kulichoma faili hilo.

Kisha ujue kuwa kuondoa jina hakutoshi kisiwani. "Mjane wa miaka 34, mkulima wa mwani Paje, mwenye watoto watano" hana jina, lakini Paje nzima imeshamjua. Andika "mwanamke wa Unguja, miaka 30 hadi 39", na nukuu yake ibebe maneno ambayo hayamtaji. Kwa sababu hiyo hiyo usichape ramani ya maskani wanakokutana wanaojidunga. Ramani hiyo itasomwa na watu ambao hukuwakusudia.

Hatua ya 8: Kuandika

Gawaneni sehemu, na mwandishi wa kwanza wa angalau makala moja awe Mzanzibari. Chambueni pamoja, chumba kimoja, wiki moja nzima ikiwezekana, badala ya kutumiana majedwali. Mtu wa nje ataona kwenye jedwali kwamba wanaotoka Wete wanachelewa kuchukua dawa zaidi. Nesi wa Pemba ndiye atakayekwambia kwamba miezi ile barabara ilikuwa inatengenezwa. Jarida likitoza ada, ulizeni punguzo la nchi zenye kipato kidogo kabla ya kukata tamaa. Majarida mengi hutoa, ila lazima liombwe mwanzo.

Hatua ya 9: Rudisheni majibu kabla makala haijatoka

Anza kliniki, siku ya kawaida ya kuchukua dawa, ili asionekane mtu amekuja mkutanoni. Andaa ukurasa mmoja wa Kiswahili na uusome kwa sauti, kwa kuwa karatasi ya VVU si kila mtu anaweza kwenda nayo nyumbani. Halafu manesi na ZAPHA+, halafu Wizara na Tume. Sheha na wazee wa mji waje mwisho, wapewe matokeo ya wilaya nzima, si ya shehia yao.

Kila kikao kiulize swali moja: tumekosea wapi? Mweke mtu wa kuandika majibu neno kwa neno. Tulipouliza hivyo kliniki moja ya Pemba, bwana mmoja aliyekaa nyuma alisema hakimbii macho ya watu kama tulivyoandika. Anakwenda mbali kwa sababu kule dirisha la dawa hufunguliwa saa moja asubuhi, naye saa mbili anatakiwa kazini. Wenzake wanne wakasema na wao ni hivyo hivyo. Tulirudi kwenye data, tukaongeza swali la saa za kazi kwa waliobaki, na mswada ukasubiri miezi mitatu.